KARTE YA KWELI NA KARTE YA UONGO: TUWASIKILIZE MASHAHIDI



Usiku mmoja katika internati kulitokea mabishano ambayo hayakwisha hata kisha taa kuzimwa. Mmoja wetu alikuwa amesoma katika simu ya kaka yake kwamba kule Marekani kikaratasi kimoja chenyi picha ya mchezaji kiliuzishwa kwa dola zaidi ya milioni 12. Watu walicheka sana. Kisha mwenzetu mwingine akasema: «Kama ni vile, mimi nitachapa yangu. Nikiichapa vizuri mpaka jicho lisione tofauti, nani atasema ni ya uongo? Na kama jicho halioni tofauti, tofauti iko wapi?»

Hapo kila mtu akawa na neno lake. Wengine walisema ni wizi, wengine walisema ni akili, wengine walisema wajinga ni wale wanaonunua karatasi kwa bei ya nyumba mia. Mimi nilikaa kimya, sababu sikuwa na jibu. Tangu siku ile nimesoma na kuuliza, na leo naleta jibu langu. Tofauti iko, na inaonekana, lakini haikai pale ambapo watu wengi wanatazama. Mwenyi kudanganya anaiga uso wa karte. Lakini karte iko na mwili pia: karatasi yake, wino wake, ukingo wake na miaka yake. Uso ni rahisi kuufundisha uongo. Mwili ni vigumu.

1. KARTE HIZI NI KITU GANI?

Wazee wetu hawajasahau Léopards ya mwaka 1974. Ilikuwa timu ya kwanza ya Afrika kusini ya Sahara kufika Kombe la Dunia, kule Ujerumani. Mwaka ule ule watoto wa Ulaya walikuwa wananunua pakiti ndogo za kampuni Panini, ya mji wa Modena katika inchi ya Italia. Ndani ya pakiti mulikuwa picha za wachezaji, na mtoto alizibandika katika albamu, timu kwa timu. Timu ya Zaïre ilikuwamo pamoja na zingine. Basi sura za wachezaji wetu zilibandikwa na watoto ambao hawakujua hata Kinshasa iko upande gani.

Panini walianza mwaka 1961 na wachezaji wa Italia, na albamu yao ya kwanza ya Kombe la Dunia ilikuwa ya Mexico 1970. Lakini Marekani desturi hii ni ya zamani kupita. Mwisho wa karne ya 19, kampuni za sigara zilikuwa zinatia kikaratasi kigumu katika pakiti kusudi sigara zisivunjike. Kisha wakachapa juu yake picha za wachezaji wa beisboli, na watu wakanunua sigara zaidi kwa kutafuta picha. Nyuma yao wakafika wenyi kuuzisha pipi za kutafuna. Kampuni Topps, ya Brooklyn katika mji wa New York, ilitoa mwaka 1952 mfululizo mkubwa wa karte 407 za beisboli. Kule Kanada kampuni O-Pee-Chee ilitoa za hoki ya barafu, na mwaka 1986 kampuni Fleer ilitoa za basketi.

2. JUU YA NINI KIKARATASI KINAKUWA NA BEI?

Karte hizi zilikuwa vitu vya watoto. Mtoto aliziweka mfukoni, alizifunga na kampira, alizitia katika magurudumu ya kinga kusudi zilie kama pikipiki. Akikua na kuhama, mama yake anazitupa. Hata Topps wenyewe walizitupa. Sy Berger, mtu wa Topps aliyetengeneza karte za 1952, alisimulia kwamba masanduku mengi ya mwaka ule yalibaki katika depo bila mnunuzi, na katika mwaka 1960 aliyapakiza katika chombo na kuyamwaga katika bahari ya Atlantiki. Ndani mulikuwa karte namba 311, ile ya Mickey Mantle. Katika mwezi wa nane wa mwaka 2022 karte moja ya Mantle namba 311, yenyi kutunzwa vizuri sana, iliuzishwa katika mnada kwa dola milioni 12,6. Mpaka siku ile hapakuwa karte ya michezo iliyopita bei hiyo.

Tufikiri kidogo. Yule mnunuzi hakulipa feza juu ya picha. Picha ya Mantle unaweza kuiona bure. Alilipa juu ya ushuhuda: kwamba kikaratasi hiki kilitoka kiwandani mwaka 1952, kikapita katika mikono ya watoto, kikaponea baharini na katika moto wa jikoni, na kingali hai. Karte ni kama shahidi anayesimama na kusema: «Mimi nilikuwapo.» Karte ya uongo nayo inasema: «Mimi nilikuwapo,» kumbe ilizaliwa mwaka jana. Hili ni jibu la kwanza kwa mwenzetu. Hata kama jicho halioni kitu, neno lile linabaki uongo, na sisi tunajua amri inayokataza kushuhudia uongo.

3. UONGO WENYEWE UKO WA NAMNA NNE

Namna ya kwanza ni kuiga. Mtu anapiga picha karte ya kweli na kuichapa upya, kisha anaiuzisha kama ya zamani.

Namna ya pili ni kugeuza jina la kitu cha halali. Kuna karte zilizochapwa upya bila kumdanganya mtu. Kwa mfano mwaka 1983 Topps wenyewe walichapa upya mfululizo wao wa 1952, na nyuma ya karte waliandika kwamba ni chapa mpya. Hakuna zambi hapo. Zambi inaanza pale mtu mwingine anapokwangua maneno yale na kuomba bei ya 1952.

Namna ya tatu ni kutengeneza karte ya kweli kwa siri: kukata ukingo uliochakaa, kupaka rangi pembe iliyopauka, kunyoosha mkunjo. Karatasi ni ya kweli, lakini hali yake ni ya uongo. Na katika biashara hii hali ndiyo inafanya bei.

Namna ya ine ni kudanganya juu ya kisanduku cha plastiki ambamo karte imefungwa. Hiyo tutaisema mbele.

4. MASHAHIDI SITA

Shahidi wa kwanza: nukta za wino

Bulletini hii mnayoishika imetoka kwa stensili. Mashini ya kuandika inatoboa herufi, wino unapita katika matundu na kugusa karatasi. Basi herufi inakuwa nyeusi yote, bila madoa ya rangi zingine. Lakini stensili yetu haiwezi kuchapa picha ya rangi ya uso wa mtu. Kwa picha kama ile viwanda vinatumia ofseti. Picha inagawanywa kuwa nukta ndogo sana za rangi ine: bluu, nyekundu, manjano na nyeusi. Nukta zinapangwa kwa mistari, kila rangi kwa pembe yake. Jicho likiwa mbali linachanganya nukta na kuona uso, ngozi, nguo. Ukileta kioo cha kukuza, ile lupe ya darasa la biolojia, unaona tena nukta.

Sasa sikieni vizuri, hapa ndipo siri inakaa. Katika karte nyingi za viwanda hivi, picha ilichapwa kwa nukta, lakini majina, mistari ya pembeni na alama ya kampuni yalichapwa kwa wino mzima, sawa herufi za stensili yetu. Ukiyatazama kwa lupe unaona ukingo safi na rangi moja. Mwigaji hana mabamba ya kiwanda. Yeye anapiga picha karte nzima, na mashini yake haijui kutenga jina na picha. Inageuza vyote kuwa nukta. Kwa hiyo chini ya lupe herufi za uongo zinaonekana kama zimeliwa na mchwa: ukingo haunyooki, na nukta za rangi zingine zinaingia ndani ya nyeusi. Tena picha iliyokuwa na nukta inapata nukta mara ya pili, na zote mbili zinagombana. Uso unafunikwa kama na ukungu.

Karte ya Michael Jordan ya Fleer, namba 57 ya mwaka 1986, imeigwa mara nyingi sana, maana zile nzuri kabisa zina bei: mwanzo wa mwaka 2021 mbili ziliuzishwa kila moja dola 738 000. Wenyi ujuzi wakiletewa moja hawaanzi kwa kutazama Jordan. Wanaanza na herufi za jina lake, mistari inayozunguka picha na alama ya Fleer.

Kwa karte za zamani kabisa sheria inageuka. Zile za sigara za miaka 1909 mpaka 1911, zinazoitwa T206, zilichapwa kwa litografia, rangi juu ya rangi, na alama zake hazipangwi kwa mistari ya ofseti. Ukiona nukta za ofseti zimejipanga kama askari katika uso wa karte ya 1909, usisumbuke tena. Umepata jibu.

Shahidi wa pili: karatasi

Kartoni ya Topps ya miaka ya 1950 ilikuwa ya bei rahisi: ngumu, yenyi nyuzi, na upande wa nyuma hauna mngao. Karatasi ya siku hizi ni nyeupe kupita, laini kupita, na mara nyingi inangaa. Inua karte mbele ya taa. Karte za mfululizo mmoja zilichapwa juu ya kartoni ya namna moja, basi zinaachilia mwanga karibu sawasawa. Kama moja inapitisha mwanga kama pazia na ndugu zake ni giza, hiyo haiko mtoto wa nyumba ile. Vilevile, mahali ambapo neno la «chapa mpya» limekwanguliwa, kartoni inakuwa nyembamba na mwanga unapita kama kidirisha.

Shahidi wa tatu: kipimo na ukingo

Rula ya kawaida inakamata waongo wengi. Karte ya Topps ya 1952 iko na urefu wa milimetre 95 na upana wa milimetre 67. Tangu 1957 Topps walitumia kipimo kidogo, milimetre 89 kwa 64. Na zile za 1983, chapa mpya za 1952, zilifanywa kwa kipimo kidogo hicho. Kwa hiyo mtu akikuletea «Mantle wa 1952» wa milimetre 89, hata lupe haina kazi.

Ukingo nao unasema. Karte za O-Pee-Chee za Kanada zilikatwa vibaya, na nyingi zilitoka kiwandani na ukingo wenyi nyuzinyuzi kama kitambaa kilichochanika. Karte ya Wayne Gretzky ya 1979, namba 18, ni ya jamaa hiyo. Moja ya hali bora iliuzishwa mwaka 2021 kwa dola milioni 3,75. Mtu asiyejua anafikiri ukingo laini ni dalili ya ukweli. Hapana. Hapa ukingo laini kama wa wembe unaleta mashaka. Kumbe kosa la kiwanda limekuwa alama ya ukweli, na mwigaji anajisaliti kwa kufanya kazi nzuri kupita kiwanda chenyewe!

Shahidi wa ine: uzee

Wadanganyifu wanajua kwamba kitu cha zamani kinachakaa. Wanachovya karatasi katika chai au kahawa, wanasugua pembe, wanakunja na kukunjua. Lakini uzee wa kweli haufanyi kazi kwa haraka. Pembe ya kartoni ya zamani inafunguka tabaka kwa tabaka, na uchafu unaingia polepole kati ya nyuzi. Rangi ya uzee haiko sawa kila mahali: ukingo ulioguswa sana ni mweusi kupita katikati. Chai inapaka kila kitu sawasawa, hata ndani ya mkunjo ambao ungepaswa kuonyesha kartoni isiyoguswa. Na pengine harufu inabaki.

Uliza pia kama uzee una maana. Karte iliyochakaa pembe zote ine kwa kipimo kimoja, na uso wake hauna hata mkwaruzo mmoja, iliishi namna gani? Mtoto hachakazi karte kwa rula.

Shahidi wa tano: taa ya ultravioleti

Viwanda vya karatasi vya siku hizi vinatia dawa ya kungarisha, ndugu ya ile inayotiwa katika sabuni ya unga kusudi mashati meupe yangae. Dawa hiyo ikipigwa na mwanga wa ultravioleti katika giza, inawaka rangi ya bluu. Ilianza kuenea katika karatasi kisha Vita Kuu ya Pili. Kwa hiyo karte inayosema ilichapwa 1909 haipaswi kuwaka. Ikiwaka kama shati la Siku ya Mungu, imezaliwa juzi. Lakini mwangalie: karte isiyowaka haijathibitishwa kuwa ya kweli, sababu kuna mwigaji anayetafuta karatasi ya zamani isiyo na dawa. Shahidi huyu anaweza kuhukumu, lakini hawezi kuachilia huru peke yake.

Shahidi wa sita: mwenyi kuuzisha

Huyu si karatasi, lakini anasema mengi. Hadisi yake mara nyingi ni moja: babu amekufa, sanduku limepatikana chini ya dari, na yeye «hajui kitu» juu ya karte. Lakini anajua kuchagua: katika sanduku la babu hakuna karte ya mchezaji wa kawaida, ni mabingwa tu! Anaomba bei ndogo kupita soko, na anakuharakisha. Picha anayokutumia kwa simu haiko wazi, na ukimwomba picha ya nyuma au ya pembe anakasirika. Mwenyi kitu cha kweli hana sababu ya kukasirikia lupe.

5. KARTE YA BEI RAHISI INAYOMSHITAKI MFALME

Kati ya yote niliyojifunza, njia moja ilinifurahisha kupita zingine. Wenyi ujuzi wakitaka kupima karte ya bingwa, wananunua kwanza karte ya mchezaji asiyejulikana, ya kampuni ile ile na ya mwaka ule ule. Inagharimu feza kidogo tu. Kwa sababu hakuna faida kuiga mchezaji asiyejulikana, karibu siku zote ni ya kweli. Kisha wanaweka zote mbili pamoja mezani: nukta kwa nukta, kartoni kwa kartoni, ukingo kwa ukingo, mwanga kwa mwanga. Zilitoka katika kiwanda kimoja, basi lazima zifanane kama mapacha.

Kwa njia hiyo mnyonge anasimama kuwa shahidi juu ya mkubwa. Mchezaji ambaye hakuna mtu anamkumbuka, ndiye anaulizwa kama bingwa anasema kweli. Na jibu lake linapita maneno ya muuzaji na karatasi zake zote.

6. HABARI YA WAGNER: KWELI ILIYOKATWA

Mtu asifikiri kwamba uongo ni kazi ya wadogo tu. Kati ya T206 karte inayotafutwa kupita zote ni ya Honus Wagner, mchezaji wa timu ya Pittsburgh. Wagner alikataa picha yake itumiwe na kampuni ya sigara, na uchapaji wake ukasimamishwa. Karte zake zinazojulikana leo hazifiki mia moja. Moja kati yao ilishangaza watu kwa pembe zake kali na ukingo wake mnyoofu, kana kwamba haikuguswa. Mwaka 1991 mchezaji wa hoki Wayne Gretzky na mwenzake Bruce McNall waliinunua katika mnada wa Sotheby's kwa dola 451 000. Kampuni PSA, iliyoanza mwaka ule kupima karte, iliipa pointi 8 juu ya 10. Mwaka 2007 iliuzishwa kwa dola milioni 2,8.

Kwa miaka mingi watu walinongona kwamba ukingo ule ni mzuri kupita kiasi. Mwaka 2013 Bill Mastro, mkubwa wa minada ambaye aliwahi kuwa mwenyi karte hiyo, alikiri katika mashitaka kwamba yeye mwenyewe aliikata pembeni. Mwaka 2015 alihukumiwa kifungo cha miezi 20 juu ya udanganyifu katika minada yake.

Tazameni vizuri: karte yenyewe ilikuwa ya kweli. Wino ni wa kweli, kartoni ni ya kweli, Wagner ni Wagner. Lakini hali yake ilikuwa uongo, na bei ililipwa juu ya hali. Tena waliodanganyika hawakuwa wajinga. Walikuwa matajiri wenyi washauri, na hata wapimaji waliiona. Kwa hiyo usiseme: «Mimi jicho langu haliwezi kudanganywa.» Mwenyi kusema vile ndiye mnunuzi anayetafutwa.

7. KISANDUKU CHA PLASTIKI SIYO INJILI

Leo karte nyingi za bei zinafungwa katika kisanduku kigumu cha plastiki, pamoja na kikaratasi chenyi namba na pointi kutoka 1 mpaka 10. Namba hiyo inaweza kuulizwa kwa kampuni iliyopima. Ni msaada mkubwa kwa mtu asiye na lupe. Lakini pale watu walipoanza kuamini kisanduku kuliko karte, wadanganyifu waliacha kuiga karte wakaanza kuiga kisanduku. Mwaka 2024 waendesha mashitaka wa New York waliwashitaki watu wawili kwamba walijaribu kupata dola zaidi ya milioni mbili kwa kuuzisha karte zenyi pointi za uongo katika visanduku vya uongo.

Basi namba iulizwe, na tena picha ya karte iliyopimwa ilinganishwe na ile iliyo mezani: pengo la pembeni, kidoa, mahali picha ilipokaa. Kila karte ina alama zake kama mtu alivyo na alama za vidole. Namba inaweza kunakiliwa. Kidoa kidogo pembeni mwigaji anakisahau.

8. JARIBIO KWA KILA MWANAFUNZI

Msifikiri ni lazima kuwa na dola ili kujifunza hii kazi. Tafuta kalenda ya rangi au pakiti ya biskuti. Kama lupe haiko, twaa kipande cha kioo safi au plastiki inayoonyesha, weka juu yake tone dogo la maji, na ukishike karibu sana na karatasi bila kugusa. Tone ni lupe. Tazama kwanza uso wa mtu katika kalenda: utaona nukta. Kisha tazama herufi nyeusi za kalenda: mara nyingi utaona wino mzima. Kisha mwombe mtu mwenyi mashini ya rangi akufanyie nakala ya kalenda ile, na utazame herufi zilezile. Weka zote mbili pamoja. Mwenzetu wa mabishano alifanya jaribio hili mbele yetu katika darasa. Alitazama mara ya kwanza, akasafisha kioo, akatazama tena. Kisha akasema tu: «Naona.»

9. KUMALIZA

Sasa tunaweza kujibu swali lake lote. «Kama jicho halioni tofauti, tofauti iko wapi?» Iko katika nukta, katika nyuzi za kartoni, katika milimetre, katika mwanga. Jicho halioni kwa sababu halijafundishwa, au kwa sababu halitaki. Mnunuzi mwenyi tamaa ya bei rahisi anafumba macho mwenyewe, na mwigaji anamkuta tayari kipofu.

Na tofauti ya mwisho iko kwa watu. Mwenyi kuuzisha karte ya uongo anaiba mara mbili. Anaiba feza ya mnunuzi, ambaye pengine aliiweka akiba miaka mingi. Tena anaiba heshima ya kila mtu aliyetunza karte ya kweli, maana kuanzia siku ile hata yeye atatazamwa kama mwivi. Mama mmoja maskini kule Ohio au Modena anaweza kupata karte ya kweli katika vitu vya marehemu mume wake, na hakuna atakayemwamini, sababu hadisi ya sanduku la babu imekwisha kuharibiwa na waongo. Hiyo ndiyo hasara ambayo hakuna mnada unaihesabu.

Kwa hiyo, ndugu wasomaji, tusiamini uso peke yake, wala tusikatae kila kitu kwa mashaka. Tuite mashahidi, tena wengi, mmoja kisha mwingine. Na tusimsahau yule mnyonge wa bei rahisi: mara nyingi ndiye anajua kweli.

Mwanafunzi wa mwaka wa sita